Supu Niliyompelekea Jirani

Uvumilivu wangu uliisha nikiwa jikoni kwa jirani yetu, natafuta upawa, nilipoona pakiti nne za maziwa ya duka zimefichwa nyuma ya mkebe wa sukari.

Sebuleni walikuwa akina mama wa ushirika wetu wa maombi wa Alhamisi, wameanza wimbo wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama natazama hizo pakiti. Mbili zilikuwa zimekatwa pembe, na sufuria ya chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Jirani huyu ana ng'ombe watatu wanaokamuliwa, na mmoja wao alikuwa ananiangalia kupitia dirisha akicheua. Asubuhi hiyo hiyo jirani alikuwa ametuletea lita mbili za maziwa, bure, akisema ni ya mtoto. Sasa mtu anagawa maziwa ya ng'ombe wake halafu anapikia wageni ya pakiti, kwa sababu gani?

Nilirudi sebuleni na upawa. Nilikuwa nimekuja na hotipoti yangu ya bluu, na ndani kulikuwa na supu niliyopika kwa maziwa yake ya asubuhi. Wimbo ulipoisha nilimimina kikombe kimoja tu, nikakiweka mbele yake juu ya kitambaa cha meza alichokishona mwenyewe, nikamwambia mbele ya wote:

"Mama, kunywa. Ni ya maziwa yako."

Alicheka kidogo, akasema ameshiba. Nikamwambia kikombe ni kidogo. Akasema siku hizi tumbo lake na kitunguu hawaelewani. Nikamwambia kitunguu kimepondeka, hata hatakiona. Mama mmoja akasema, "Huyu Mmeru leo amekuja na panga ndani ya hotipoti," na wengine wakacheka, maana huku Embu mtu wa Meru akiongea kwa sauti kidogo tu wanasema amewaka.

Jirani akakishika kikombe. Akakinusa. Akakirudisha mezani, halafu akaniuliza polepole, wengine wasisikie:

"Lakini si uliyachemsha?"

Hapo nikajua. Mtu aliyekupa maziwa mazuri hawezi kukuuliza hivyo.

Nianze mwanzo, kwa sababu wengi waliosikia hii hadithi waliisikia kutoka mwisho, na mwisho wake ni mimi nikionekana mwendawazimu.

Mimi nilizaliwa Kianjai, ambako Julai ni vumbi na jua. Nikaolewa huku juu ya Kibugu, karibu na msitu, ambako Julai ni ukungu unaoingia nyumbani kama mtu wa familia. Nguo zinaanikwa siku tatu na bado ukivaa unahisi umevaa samaki. Mume wangu anachomelea milango na mageti kule Kinoru, mjini Meru, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hivyo nyumba ni yetu watatu: mimi, mama mkwe wangu, na binti yangu, ambaye baridi ya mwaka jana ilimkuta akiwa na mwaka mmoja na miezi tisa.

Mtoto alikuwa mgumu kula. Ugali anatema. Ndizi anafinyanga. Njahi, yale maharagwe meusi, anatupia kuku, mmoja mmoja, akiwataja. Kitu pekee alichokula bila vita ni supu yangu nzito, na hiyo ndiyo ilimwongeza uzito mpaka muuguzi wa kliniki akaacha kuniangalia vibaya.

Supu yenyewe si ya hoteli. Tukirudi kutoka kuchuma majani chai nabandika mifupa na maji, naiacha ichemke mpaka uboho utoke wenyewe. Viazi vinne, kipande cha malenge, karoti mbili, na mahindi mabichi kiganja kimoja. Kitunguu nakikaanga pembeni hadi kiwe rangi ya chai, na kitunguu saumu na tangawizi kidogo. Vikiiva naviponda kwa ule mwiko mkubwa wa kupondea mukimo, na mama mkwe hunicheka, ati napiga chakula kama kina deni langu. Halafu naongeza maziwa na kuacha supu itokote polepole, bila kifuniko, nikikoroga.

Lakini siri ni maziwa lala. Nachemsha maziwa siku mbili kabla, yakipoa naongeza kijiko cha lala ya zamani, nafunika kwa kitambaa, naweka kwenye rafu juu ya meko pale penye joto. Siku ya pili yameganda, na juu kuna krimu nene, ya manjano kidogo. Hiyo krimu ndiyo naingiza kwenye supu mwishoni, nikishaiepua, pamoja na majani ya dania. Inakuwa nzito, inashika kijiko. Mtoto akiiona anapiga meza.

Ng'ombe wetu mmoja alikuwa amekauka, anangoja kuzaa. Ndipo huyu jirani akaanza kutuletea maziwa. Huku maziwa ya mtoto hayakataliwi. Nyumba ikiwa na mtoto mdogo na haina ng'ombe anayekamuliwa, wenye maziwa wanapeleka, na wewe unapokea kwa mikono miwili na kurudisha chupa imeoshwa, pamoja na kitu kidogo, hata kama ni mayai mawili. Kuyanusa mbele ya aliyeleta ni matusi. Mama mkwe ndiye alikuwa anapokea langoni, na nilimwona akifurahi, kwa sababu jirani huyu ni mkubwa kanisani na hakuwa akipeleka kila mahali.

Yale maziwa yakakataa kuganda.

Mara ya kwanza nikasema ni baridi. Nikasogeza chupa karibu na moto. Siku ya tatu bado yalikuwa mepesi kama yalivyotoka kwa ng'ombe, hayana hata harufu ya kuchacha. Nikaosha chupa kwa maji moto na majivu, nikaomba lala mpya kwa mwalimu anayeishi chini ya barabara, nikajaribu tena. Yakakataa. Nikapika supu hivyo hivyo bila krimu, ikatoka nyepesi, mama mkwe akaonja akasema, "Leo umepika maji ya viazi." Moyoni nikaanza kuhesabu watu.

Wa kwanza niliyemshuku ni mama mkwe. Mimi nitasema ukweli. Nilifikiri anaondoa krimu juu na kuweka maji, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anayapokea. Nikaanza kuamka kabla yake nipokee mwenyewe. Yakakataa kuganda hata hivyo. Mama mmoja wa ushirika akaniambia kuna mtu ana jicho baya, amelitupia maziwa yangu, nifukize chupa. Nilifukiza. Nilijiona mjinga sana nikiwa nimeinamia moshi, lakini nilifukiza.

Kisha nikaona jambo lingine. Wema wa jirani ulikuwa unakuja kwa vipindi. Siku nne analeta kila asubuhi, lita mbili, tena anauliza kama zinatosha. Halafu wiki tatu haleti, akikupita barabarani anasalimu tu. Halafu tena siku nne. Huo ni wema wa aina gani, unaofuata ratiba?

Na katika hizo siku nne, mtoto anatoka vipele. Mara ya kwanza tumboni, vidogo. Nikasema ni sweta ya sufu. Mara ya pili mgongoni na shingoni, na jicho moja likavimba. Nikaondoa karoti kwenye supu. Nikaondoa tangawizi. Nikaondoa malenge, nikabaki na viazi na mifupa, na supu ikawa kitu cha kusikitisha.

Mara ya tatu ilikuwa saa tisa mchana. Alikuwa amekula bakuli nzima. Nilikuwa napanga kuni, nikasikia anapumua kwa sauti, kama mtu anapuliza filimbi iliyojaa maji. Midomo ilikuwa imefura. Sikumbuki kama nilifunga mlango. Tulipanda bodaboda, mimi, mtoto na mama mkwe, mpaka zahanati, na daktari wa zamu akamchoma sindano kabla hata ya kuandika jina.

Alipotulia, daktari akafungua kile kijitabu cha kliniki. Mtoto wangu akiwa na miezi saba alipewa dawa ya kifua ya jamii ya penisilini, akafura uso wote, na muuguzi akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza kwamba asipewe tena maishani. Daktari akaweka kidole kwenye yale maandishi mekundu.

"Mama, umempa dawa gani?"

"Sijampa dawa."

"Mtoto hawezi kufura hivi kwa viazi. Umempa nini?"

Nikarudia kwamba sijampa. Akaniangalia vile wanaangalia mama aliyenunua dawa dukani na anaogopa kusema. Akaniambia safari hii tumewahi, na nyingine hajui. Nilitoka hapo nikiwa na mtoto mgongoni na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka.

Nikaiweka kwa mama mkwe. Kama si mimi niliyempa dawa, ni nani mwingine yuko kwenye nyumba? Yeye ana magoti yanayomsumbua na vichupa vyake vya kila aina. Kesho yake alipoenda kuchuma chai, niliingia chumbani kwake. Nikafungua kisanduku, nikapekua mifuko ya makoti, nikainua godoro. Nilikuta mafuta ya kuchua, miwani iliyovunjika, na picha ya mume wangu akiwa darasa la nne. Nilikuwa nimeshika hiyo picha wakati yeye aliingia. Alikuwa amesahau kofia ya mvua.

"Unatafuta nini kwa kitanda yangu?"

Sikupata uongo wa haraka. Nikamwambia natafuta dawa aliyompa mtoto. Alikaa kwenye kile kiti cha mbao, na kikapu cha chai bado kiko mgongoni. Aliniambia amezika watoto wake wawili kabla ya mume wangu kuzaliwa, na hakuna mtu alimwambia walikufa na nini. Akauliza ninafikiri yeye anaweza kumpa mtoto kitu bila kuniuliza. Kisha akatoka bila kofia, na mvua ilikuwa inanyesha.

Jioni hakula. Nami sikula. Asubuhi nilimwomba msamaha, na yeye hakusema amenisamehe. Alisema, "Kama si mimi na si wewe, ni kitu anakula." Tukaanza kutaja vyote, kimoja kimoja, kama watu wanachambua mchele. Viazi ni vya shamba letu. Mifupa tunakula wote. Tulipofika kwa maziwa sote tukageuka kutazama ile rafu.

Hapo ndipo nilifanya kitu ambacho ningefanya mwezi mzima uliopita kama nisingekuwa na shughuli ya kushuku watu. Niliomba maziwa kwa yule mwalimu wa chini ya barabara, ambaye ana ng'ombe mmoja mzee. Nikayachemsha, nikaweka kwenye chupa. Siku ile ile jirani akaanza kipindi chake kingine cha wema, nikayachemsha yake pia, nikaweka kwenye chupa ya pili. Kijiko kile kile cha lala kwa zote, saa ile ile, rafu moja. Mtoto sikumpa hata tone. Siku ya pili, ya mwalimu iliganda hadi unaweza kuigeuza chupa. Ya jirani ilikuwa inacheza ndani kama maji. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Kesho yake ushirika ulikuwa kwa jirani. Alhamisi asubuhi akaleta tena lita mbili. Nikapika supu, nikaijaza kwenye hotipoti, na mama mkwe akanisaidia kufunga kanga. Hakuniuliza naipeleka wapi. Nilitaka tu kuona kama ataila. Zile pakiti nyuma ya mkebe wa sukari sikuzitarajia.

Sasa turudi kwenye kile kikombe.

Aliponiuliza kama niliyachemsha, nilimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa ng'ombe. Nikasema nimeyachemsha, na supu imetokota, na mtoto wangu alifura akashindwa kupumua, basi na yeye anywe ya kuchemshwa. Hakunywa. Akina mama wakaacha kucheka. Akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuniudhi. Ng'ombe wake mmoja ana ugonjwa wa kiwele unaorudi kila mara. Akichomwa sindano ya penisilini, na maziwa ya wote watatu yako mkebe mmoja, kituo cha kukusanya maziwa kinapima na kuyarudisha yote, kwa sababu yana dawa. Kumwaga maziwa ni dhambi, huku kuna mtoto jirani hana. Kila mtu anajua moto unamaliza dawa.

Hilo la mwisho wengi walilitikisia kichwa kukubali. Niliwaona. Ndiyo wanavyoamini huku juu: maziwa yakikataliwa kituoni yanarudi nyumbani, yanachemshwa sana, yanapewa ndama, wafanyakazi, majirani. Hata mimi ningeamini, kama nisingekuwa nimeingia jikoni.

"Kama moto unamaliza dawa," nikamuuliza, "zile pakiti za maziwa jikoni kwako ni za nani?"

Mama aliyenitania kuhusu panga akainuka, akakichukua kikombe, akaenda kukimwaga nje chini ya migomba. Nadhani alitaka kusaidia.

Jioni wazee wawili wa kanisa walikuja. Walisema maneno mazuri. Jirani amelia. Jirani yuko tayari kuja kuomba radhi na kuku mkubwa. Mambo ya akina mama yaishe kwa akina mama. Nikawaambia nitamwandikia afisa wa afya. Mume wangu akapiga simu kutoka Kinoru, ameshasikia, akasema nisituharibie majirani, hapo tutaishi miaka yote. Nikamuuliza kama amemsikia mtoto akipumua kama filimbi. Nikasikia mashine za watu wengine nyuma yake. Akasema, "Fanya vile unaona."

Niliyemwogopa ni mama mkwe. Jirani ni rafiki yake wa miaka, na yeye ndiye alikuwa anapokea langoni. Wazee walipomgeukia aseme neno, alisema amemwona jirani mara nyingi, yeye akiwa shambani, akirudi kutoka kituoni na mkebe mzito. Alidhani amebeba maji. Akasema, "Mimi nimepokea hiyo maziwa na mikono hii. Huyu akiandika, aniandike na mimi."

Nikaandika malalamiko usiku ule ule, nikayanakili asubuhi kwa mwandiko mzuri. Nilipita kituo cha maziwa kwanza. Karani akaniambia kitabu chake hawezi kunipa, ila afisa akija kuuliza atakifungua. Kisha nikaenda ofisi ya afya, nikasimama kwenye foleni, na afisa akapiga muhuri nakala yangu. Majina nimeyaondoa hapa. Mengine ni vile nilivyoandika.

*

Kwa Afisa wa Afya ya Umma,

MINTARAFU: KUPEWA MAZIWA YENYE DAWA NA KUUGUA KWA MTOTO

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mchumaji wa majani chai. Ninaleta malalamiko rasmi dhidi ya jirani yangu, ambaye jina lake liko kwenye karatasi ya pili.

Kwa vipindi vinne jirani huyu alituletea maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano, baada ya maziwa hayo kukataliwa kituoni. Hakutuambia. Nyumbani kwake alikuwa anatumia maziwa ya pakiti siku hizo hizo, na akina mama wa ushirika waliokuwepo wanaweza kuulizwa. Nilipika supu ya mtoto kwa maziwa hayo. Mtoto wangu hapatani na dawa za jamii ya penisilini, kama ilivyoandikwa kwa wino mwekundu katika kijitabu chake. Aliugua mara tatu. Mara ya tatu alishindwa kupumua na alitibiwa zahanati. Nakala iko hapa.

Jirani anasema alidhani kuchemsha kunaondoa dawa. Mimi sijui alidhani nini. Ninajua hakuyanywa.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, maziwa haya yapimwe, na jirani aitwe ajibu mbele yako, si mbele ya wazee. Pili, maziwa yakikataliwa kituoni kwa sababu ya dawa, yatiwe rangi au yamwagwe hapo hapo, yasirudi kwa mkebe kwenda kwa watoto wa watu. Tatu, watu wa huku waambiwe na mtu wa serikali kwamba moto hauondoi dawa, kwa sababu mimi nikisema wanasema ni hasira ya Kimeru.

Ninaambatanisha chupa mbili, zote zilichemshwa na kutiwa lala siku moja. Yenye kitambaa cheupe ni ya ng'ombe mzima, na imeganda. Yenye kitambaa chekundu ni ya jirani, na dawa imeizuia kuganda. Leo ni siku ya nne. Tafadhali itikise mwenyewe kabla ya kuniita.

Shahidi wangu ni mama mkwe wangu, ambaye ameweka alama ya kidole gumba hapa chini.

Mama wa mtoto